Kategoria za tovuti yako zinajibu swali gani?

Tuchukue mfano wa tovuti ya baiskeli. Menyu yake ina makundi tisa: Breki, Ukarabati, Wanaoanza, Tathmini, 2023, Video, Habari, Baiskeli za Milimani na Mengineyo. Kila jina linaeleweka, na kila moja lilizaliwa siku ambayo mtu alikuwa na makala mkononi asione pa kuiweka. Sasa inaingia video iliyorekodiwa mwaka 2023, inayomfundisha anayeanza kuendesha namna ya kurekebisha breki za baiskeli ya milimani. Iende wapi?

Inafaa katika makundi sita kati ya hayo tisa. Mhariri mmoja ataipeleka Breki na kuendelea na shughuli zake. Mwingine ataipeleka Video, maana si ni video? Wa tatu ataweka tiki kwenye visanduku vyote sita asije akalaumiwa. Kazi ikienda hivyo kwa mwaka mzima, msomaji anayefungua ukurasa wa Breki atakuta nusu tu ya yaliyoandikwa kuhusu breki, wala hana njia ya kujua kwamba nusu nyingine ipo.

Wengi wakifika hapo huulaumu mfumo wa tovuti na kuanza kusaka programu-jalizi, yaani kiongezi cha kuupa mfumo uwezo mpya, ya kuwaokoa. Mfumo hauna kosa. Orodha ile ni maswali sita yaliyotiwa katika gunia moja. Breki inajibu swali la sehemu ya baiskeli. Ukarabati, Tathmini na Habari zinajibu maandishi yenyewe yanafanya kazi gani. Wanaoanza inajibu ni kwa ajili ya nani. 2023 inajibu lini, Video inajibu yamekuja kwa umbo gani, na Baiskeli za Milimani inajibu ni za baiskeli ipi. Mengineyo haijibu chochote, nayo tutairudia.

Kutengeneza kategoria maalumu, yaani kuufundisha mfumo makundi yako mwenyewe badala ya yale uliokuja nayo, ni kazi ndogo ukishajua unachotaka. Panapochosha ni kabla ya hapo, katika kuyatenganisha maswali ili kila seti ya makundi ijibu moja tu.

Wakutubi walitangulia

Tatizo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1876 Melvil Dewey alichapisha mpango wake wa kugawa maarifa yote katika madaraja makuu kumi, kila daraja likigawanyika tena kwa kumi. Mpango huo ulifaa kwa sababu ulitatua shida halisi: kitabu ni kitu kinachoshikika, hakiwezi kukaa kwenye rafu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo lazima pawepo namba moja ya kukielekeza mahali pamoja. Lakini mti wa namna hiyo humlazimisha anayeupanda kuamua swali lipi litangulie. Historia ya elimu nchini Ufaransa ni historia kwanza, elimu kwanza, au Ufaransa kwanza? Uamuzi wowote utamfaa msomaji mmoja na kumwangusha mwingine.

Tena mti hubeba macho ya aliyeupanda. Katika daraja la 200 la Dewey, lililohusu dini, sehemu kubwa kuanzia 220 hadi miaka ya 280 ilitengewa Ukristo, na dini nyingine zote za dunia zikabanwa katika 290. Ndivyo maarifa yalivyoonekana kutoka pale alipokuwa ameketi. Kosa hilohilo linafanyika leo kila shirika linapopanga tovuti yake kwa kufuata idara zake za ndani: Utawala, Uendeshaji, Mahusiano. Aliye ndani anaona mpango, na mgeni aliyekuja kutafuta fomu ya maombi anaona ukuta.

Aliyelifungua fundo ni S. R. Ranganathan, mwanahisabati wa India aliyegeuka mkutubi huko Madras. Katika mfumo aliouchapisha mwaka 1933, hakutafuta tawi moja la kukitundika kitabu. Aliuliza kitabu kina pande gani, akaipa kila pande alama yake, kisha akaziunganisha alama hizo kwa nukta mbili. Baadaye alizifupisha pande hizo kuwa tano: kiini cha jambo, maada, nishati, mahali na wakati. Huna haja ya kuzitumia hizo tano kwenye tovuti yako. Unachohitaji ni ule ujanja wake: usiulize kitu kinakaa wapi, uliza kinajibu nini kwa kila swali, kila swali peke yake.

Wavuti ulipokuja, kizuizi cha rafu kiliondoka, ila mazoea ya rafu yalibaki. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Stanford, walianza kuorodhesha tovuti walizozipenda katika mti wa makundi, na orodha hiyo ikawa Yahoo. Kundi lilipofaa kukaa mahali pawili, waliliweka mahali pamoja tu, na pale pa pili wakaweka jina lake likifuatwa na alama ya @, kana kwamba kiungo cha kwanza ndicho cha halali na cha pili ni cha kuazima. Kwa kompyuta viungo vyote viwili ni sawa kabisa. Orodha hiyo ilifungwa mwishoni mwa 2014, injini za utafutaji zikiwa zimekwisha kuipiku.

Mambo manne yanayoitwa kategoria

Mkutano wa kupanga tovuti ukikwama, mara nyingi ni kwa sababu watu wanasema «kategoria» kila mmoja akiwa na jambo tofauti kichwani. Ninayaona mambo manne.

La kwanza ni aina ya maudhui. Hii inahusu umbo la kitu, si mada yake. Mwongozo wa ukarabati una hatua, orodha ya zana na muda wa kazi. Tathmini ina jina la kifaa, mtengenezaji na alama kilizopata. Tangazo la mashindano lina tarehe na mahali. Hizo ni fomu tatu tofauti za kujaza, na kurasa zake hazifanani. Ukizifanya kuwa kategoria tatu za «makala», mwandishi wa tangazo atalazimika kuitumbukiza tarehe ndani ya aya, na tovuti haitajua kamwe kwamba ile ni tarehe. Haitaweza kupanga matangazo kwa mfuatano wala kuyaondoa yaliyopitwa. Kipimo ninachokitumia ni hiki: ikiwa kukihamisha kitu kutoka kundi moja kwenda jingine kunadai taarifa mpya zijazwe, hayo ni aina mbili, si kategoria mbili. Katika WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, uwezo wa kuunda aina zako mwenyewe ulikomaa na toleo la 3.0 mwaka 2010. Drupal, mfumo mwingine wa kazi hiyohiyo, ilikuwa na dhana hiyo mapema zaidi na imejengwa kuizunguka.

La pili ndilo kategoria kwa maana yake halisi, na jina lake pana ni taksonomia: seti ya majina yanayojibu swali moja. Kategoria za kawaida ni taksonomia, na lebo pia ni taksonomia. Drupal inaweka jambo hili wazi kuliko wengine, kwani huko kila seti huitwa msamiati na kila jina ndani yake ni istilahi, na unaweza kuwa na misamiati mingi upendavyo. WordPress kwa miaka yake ya mwanzo ilikuwa na kategoria peke yake; lebo ziliingia rasmi na toleo la 2.3 mwaka 2007, pamoja na majedwali mapya ambayo ndiyo yaliyoruhusu taksonomia za kujitengenezea. Joomla, mfumo wa tatu, ni kali zaidi: makala moja, kategoria moja, basi. Lebo zilipoongezwa huko mwaka 2013 ziliwapa watu njia ya kuvuka mipaka hiyo.

Tofauti ya kategoria na lebo husemwa kuwa ni ya ukubwa wa mada, kwamba kategoria ni pana na lebo ni finyu. Sikubaliani na maelezo hayo, kwa sababu hayamsaidii mtu kuamua. Tofauti mbili zenye maana ni hizi: je, majina yana wazazi na watoto, au yote yako sawa? Na je, orodha imefungwa, au mwandishi yeyote anaweza kuongeza jina? Watu huyachanganya maswali haya mawili kwa sababu skrini huyachanganya. WordPress huonyesha taksonomia yenye mti kama visanduku vya kutia tiki, na ile isiyo na mti kama nafasi ya kuandika. Penye nafasi ya kuandika, watu wataandika: «breki», «Breki za diski», «breki-diski», «diski breki». Kila moja inazaa ukurasa wake wenye makala moja au mbili. Taksonomia isiyo na mti inaweza vilevile kuwa na orodha iliyofungwa. Ni suala la nani anaruhusiwa kuongeza jina, tutaliona.

La tatu ni taarifa ya kujaza. Uzito wa baiskeli, muda wa kazi, tarehe ya mashindano, namba ya toleo. Hivi havihitaji kuwa makundi. Hapa ndipo «2023» inapoanguka: mfumo tayari unaijua tarehe ya kuchapishwa na unaweza kutoa orodha ya mwaka wowote bila wewe kutengeneza chochote. Kuna mpaka mgumu kidogo kati ya taarifa na taksonomia, kama vile mtengenezaji wa kifaa, ambaye anaweza kuwa maandishi tu kwenye fomu au kundi lenye ukurasa wake. Mimi huuliza kama kuna msomaji atakayetaka kuviona vyote vyenye jibu hilo mahali pamoja. Akiwepo, ni taksonomia. Kama kila kitu kina jibu lake la pekee, ni taarifa. Katika WordPress kuna sababu ya kiufundi pia: thamani za taarifa za kujaza huhifadhiwa katika safu isiyo na faharasa, yaani orodha ya kutafutia haraka, kwa hiyo kuchuja maelfu ya makala kwa kutumia safu hiyo ni kazi nzito kwa hifadhidata, ilhali kuchuja kwa taksonomia ndiyo kazi ambayo majedwali yake yalitengenezewa.

La nne ni menyu, na hili linahitaji maneno machache tu. Menyu si orodha ya kategoria. Inaweza kuonyesha baadhi yake, ikaruka nyingine, ikachanganya na ukurasa wa mawasiliano. Ukitengeneza kategoria ili tu kitu kionekane juu ya ukurasa, umekodi nyumba nzima kwa ajili ya dirisha. Ndugu yake ni ile kategoria iitwayo Zilizochaguliwa, ambayo kazi yake ni kuamua kipi kikae ukurasa wa mwanzo wiki hii. Hiyo ni kazi ya swichi ya ndiyo au hapana ndani ya fomu ya makala.

Tukirudi kwenye ile video ya breki, sasa haina utata. Aina yake ni mwongozo wa ukarabati. Kwenye taksonomia ya sehemu ya baiskeli ni Breki, kwenye aina ya baiskeli ni Milimani, kwenye kiwango cha msomaji ni Anayeanza. Tarehe inajijua. Na kuwa kwake video ni taarifa ndani ya mwongozo, kwa sababu mwongozo uleule unaweza kuwa na maandishi pia. Mhariri yeyote atafika kwenye majibu hayohayo bila kumwuliza mwenzake.

Kinachotokea ndani ya hifadhidata

Watu huziwazia kategoria kama mafolda, na kutokana na wazo hilo huogopa mambo yasiyotisha na kuyadharau yanayotisha. Makala haiko ndani ya kategoria. WordPress hutumia majedwali matatu kwa kazi hii: moja la majina, moja la kusema kila jina ni la taksonomia gani na mzazi wake ni nani, na la tatu la kuunganisha makala na majina. Katika jedwali hilo la tatu hakuna maandishi yoyote, ni namba tu: makala namba fulani inahusiana na jina namba fulani.

Kwa hiyo kubadilisha jina la kategoria hakugusi makala hata moja. Neno linabadilika sehemu moja na kuonekana jipya kote. Kufuta kategoria hakufuti makala zake, hufuta uhusiano tu. Makala iliyobaki bila kategoria yoyote hupelekwa kwenye kategoria ya chaguo-msingi, ambayo haifutiki. Kwenye taksonomia ya kujitengenezea, makala hubaki bila kundi isipokuwa kama uliweka jina la chaguo-msingi mwenyewe, jambo linalowezekana tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Na ukifuta mzazi, watoto hawafi naye, wanapanda ngazi moja juu. Unaweza kushtuka kuikuta Diski, iliyokuwa chini ya Breki, imesimama bega kwa bega na makundi makuu kwenye menyu, lakini hakuna kilichopotea.

La kutisha ni lile la mahali unapoandika agizo la kuisajili taksonomia yako. Ukiliweka ndani ya mandhari, yaani ile sehemu inayobeba sura ya tovuti, basi siku utakayobadilisha mandhari makundi yote yatatoweka kwenye skrini. Data bado ipo kwenye hifadhidata, ila hakuna tena anayeuambia mfumo kwamba ipo. Maagizo ya namna hiyo yakae kwenye programu-jalizi, hata kama ni ndogo ya faili moja.

Kusajili taksonomia

Hatua zenyewe hutofautiana kati ya mfumo na mfumo, ila maamuzi ni yaleyale. Nitaendelea na WordPress kwa kuwa ndiyo inayokutana na watu wengi.

Kila taksonomia ina majina mawili. Moja ni la binadamu, unaloweza kulibadilisha utakavyo. Jingine ni la mashine, lenye herufi ndogo, lisilozidi herufi 32, na hilo lichague kama unayechora chale, kwani kulibadilisha baadaye maana yake ni kwenda kuhariri hifadhidata. Yapo maneno ambayo mfumo umejiwekea, na type na year ni miongoni mwake. Ukiyatumia kama jina la mashine utapata hitilafu ambazo hazikuelekezi kwenye chanzo. Njia salama ni kuanza na kifupisho cha tovuti yako: baiskeli_sehemu, baiskeli_kiwango.

Halafu unaamua kama kuna mti. Ukiwa na shaka, sema hapana. Mti una thamani pale tu ambapo kila mtoto ni aina ya mzazi wake kwa kweli: breki za diski ni breki, hakuna ubishi. «Usalama» chini ya «Breki» si mti, ni mada mbili zinazojuana.

Unaitaja taksonomia hiyo inahusu aina zipi za maudhui, na hapa usiwe na choyo. Sehemu ya baiskeli inahusu miongozo na tathmini kwa pamoja, na hapo ndipo faida inapoanza kuonekana, kwani ukurasa wa Breki unaweza kuonyesha namna ya kuzirekebisha na zipi za kununua bila mtu kuviunganisha kwa mkono. Tahadhari moja: kurasa za zile kategoria na lebo zilizokuja na mfumo kwa kawaida huorodhesha makala tu, kwa hiyo ukizitumia hizo, aina zako mpya huenda zikahitaji agizo la ziada ili zitokee.

Makosa mawili huwatoa watu jasho. Umesajili kila kitu sawasawa, lakini kwenye kihariri cha kisasa, kile cha vipande kilichoingia na toleo la 5.0 mwishoni mwa 2018, taksonomia haionekani. Sababu karibu kila mara ni mpangilio uitwao show_in_rest ulioachwa bila kuwashwa. Kihariri hicho huzungumza na tovuti kupitia mlango huo, na kisichopita mlangoni hakionekani. La pili: taksonomia inaonekana, makala zimeunganishwa, lakini ukibofya ukurasa wa kundi unapata ujumbe wa 404, yaani ukurasa haukupatikana. Mfumo huhifadhi orodha ya kanuni za anwani na haujaiandika upya. Fungua ukurasa wa mipangilio ya viungo vya kudumu, ubonyeze kitufe cha kuhifadhi bila kubadilisha chochote, mambo yanakaa sawa.

Kisha kuna ruhusa, ambazo zimegawanyika mara nne: kusimamia majina, kuyahariri, kuyafuta na kuyatumia. Wape waandishi ruhusa ya kuyatumia. Ruhusa ya kuongeza majina mapya ibaki kwa mtu mmoja au wawili, na orodha yenye visanduku itabaki imefungwa. Penye nafasi ya kuandika, WordPress humwacha mwenye ruhusa ya kuyatumia aongeze jina jipya, kwa hiyo hapo ruhusa peke yake haitoshi. Nimeona watu wakidhani huu ni urasimu. Ni nafuu kuliko kusafisha lebo elfu mbili.

Anwani ni suala jingine kabisa

Mfumo mwingi unakushawishi uiweke kategoria ndani ya anwani ya makala, kitu kama /breki/kurekebisha-waya. Inapendeza machoni. Lakini Tim Berners-Lee, aliyeubuni Wavuti, alitoa hoja mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na miongoni mwa mambo aliyoshauri yasiingizwe kwenye anwani ni mada ya ukurasa, kwa sababu namna ya kugawa mada hubadilika kadiri kazi inavyokua. Zaidi ya robo karne baadaye ushauri huo bado unavunjwa kila siku. Ukihamisha makala kutoka Breki kwenda Usalama, anwani inabadilika, na kila kiungo kilichokuwa kimewekwa kwingineko kinaelekea pasipo kitu. Makala yenye kategoria mbili huleta shida zaidi, kwani mfumo unalazimika kuchagua moja iingie kwenye anwani, na uchaguzi wake unaweza usiwe wako.

Makala ziwe na anwani fupi zisizotaja kundi. Kategoria ziwe na anwani zake. Ukilazimika kubadilisha anwani ya kategoria, weka uelekezaji wa 301, unaosema uhamisho ni wa kudumu. Ule wa 302 unasema ni wa muda, na injini za utafutaji zinaweza kuendelea kuishikilia anwani ya zamani.

Ukiwa na taksonomia kadhaa utavutiwa pia kuwapa wasomaji kichujio: chagua sehemu, chagua aina ya baiskeli, chagua kiwango. Ni kifaa kizuri kwa binadamu. Kwa roboti za injini za utafutaji ni msitu. Ukiwa na taksonomia tano, kila moja ina majina sita, na msomaji anaweza kuchagua jina moja au kuacha wazi, unapata michanganyiko 16,807. Mingi haina makala yoyote, na mingi mingine ina makala zilezile kwa mpangilio mwingine. Amua ni kurasa zipi zinastahili kupatikana kwenye utafutaji, kwa kawaida zile za jina moja, na zilizobaki uziambie roboti zisiziingize kwenye faharasa, au uelekeze ukurasa upi ndio wa asili kwa alama ya canonical, ambayo Google, Yahoo na Microsoft zilikubaliana mwaka 2009.

Majina, idadi na lile kundi la Mengineyo

Utasikia kwamba menyu isizidi vitu saba. Kanuni hiyo hutolewa kwenye utafiti wa George Miller wa mwaka 1956, uliohusu kiasi cha mambo ambayo mtu anaweza kuyashika akilini kwa muda mfupi. Msomaji wa menyu hashiki chochote akilini. Orodha iko mbele ya macho yake. Kumi na mbili zinazoeleweka zinashinda saba zilizobanwa hadi zikawa «Rasilimali» na «Suluhisho». Kinachoua orodha ni majina yanayogongana, pale Mafunzo, Miongozo na Maelekezo yanapokaa pamoja na hata aliyeyaweka hawezi kusema tofauti yake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo majina yajaribiwe na watakaoyatumia. Njia ya zamani na isiyo na gharama ni ya kadi: unaandika vichwa vya makala halisi kwenye kadi, unampa mtu ambaye hajawahi kuiona tovuti, unamwomba azipange apendavyo na aipe kila fungu jina. Kisha fanya kinyume: mpe majina ya makundi peke yake, umwulize angebofya wapi kupata namna ya kubadilisha spoku. Akisita, shida ni jina, naye hahitaji kufundishwa. Watu wachache tu wanatosha kuonyesha matobo makubwa.

Kuhusu Mengineyo, msimamo wangu ni mkali. Kundi hilo halina msomaji. Hakuna aliyewahi kuamka akatafuta mengineyo. Ikiwa makala haifai katika jibu lolote la swali fulani, iache bila jibu kwa swali hilo. Ukiwa na taksonomia kadhaa, makala itapatikana kwa njia nyingine. Zikijikusanya nyingi zisizo na jibu, zisome: ama umekosa jina moja kwenye orodha, ama kuna swali hujaliuliza. Chaguo-msingi la WordPress, lile lililokuja na jina la «bila kategoria», libadilishe jina au uteue jingine siku ya kwanza, vinginevyo litatokea hadharani kwenye menyu kama lebo ya nguo iliyosahauliwa.

Kila jina lina nafasi ya maelezo ambayo wengi huiacha tupu. Iandikie sentensi mbili: nini kinaingia humu, na nini kinachofanana nacho hakiingii. «Breki: kila kinachosimamisha gurudumu, pamoja na waya na mpini wake. Mipini ya gia iko Gia.» Mandhari nyingi huweza kuyaonyesha maelezo hayo juu ya ukurasa, hivyo yatamfaa msomaji pia.

Ukiwa tayari una fujo

Tovuti yenye miaka kadhaa haifumuliwi kwa siku moja. Kwanza chukua nakala ya hifadhidata. Toa orodha ya makundi yote na idadi ya makala katika kila moja, kisha mbele ya kila jina andika swali linalojibiwa. Safu hiyo ya pili ndiyo itakayokuonyesha kila kitu: utaona mara moja yapi yanahamia kwenye taksonomia nyingine, yapi yalikuwa taarifa, yapi ni aina za maudhui zilizojificha, na yapi ni jina lilelile kwa tahajia tatu.

Unda taksonomia mpya pembeni bila kugusa za zamani. Unganisha makala na majina mapya, ukianza na zinazosomwa zaidi; zile zenye kundi moja la zamani linalolingana na jina moja jipya zinaweza kuhamishwa kwa mkupuo, zilizobaki zinahitaji macho ya mtu. Kwa kipindi hicho makala zitakuwa na mipangilio miwili, wa zamani ukionekana kwa wasomaji na mpya ukionekana kwa wahariri tu. Ukamilifu ukifika, badilisha menyu na violezo, weka uelekezaji kutoka kila anwani ya kundi la zamani kwenda ya kundi jipya lililo karibu nalo, wala si kwenda ukurasa wa mwanzo. Makundi ya zamani yafutwe mwisho kabisa, baada ya wiki chache za kuangalia kumbukumbu za 404 kwenye seva.